Rozari ya Kungoja Maji

Watoto wangu hawapendi maji ya kunywa siku ambazo yametiwa dawa nyingi. Huleta glasi puani, hukunja uso, kisha huisukuma katikati ya meza na kusema, "Mama, maji inanuka lopitali." Mimi huivuta ile glasi na kuinusa. Ni harufu kali, kama ya nguo nyeupe zilizolowekwa kwa javeli, dawa ya kung'arishia nguo, na hunipeleka mbali kuliko ninavyotaka kwenda. Shingo hukaza kana kwamba bado kuna kamba kwenye paji la uso wangu. Watoto hudhani nakagua maji kama mwalimu anavyokagua daftari, kwa sababu kazi yangu ni ualimu na wamezoea kuniona nakagua kila kitu. Ukweli ni kwamba midomo yangu imekwisha kuanza kuhesabu Salamu Maria.

Hadithi yenyewe sijamsimulia mtu kwa ukamilifu. Nawasimulia ninyi kwa kuwa hamnijui, na mtu usiyemjua hawezi kukutazama kwa huruma mezani.

Wazazi wangu walitoka Butembo, wakahamia Goma kwa biashara. Baba alinunua maharage huku akapeleka kule, akarudi na mafuta ya mawese. Mwaka ninaousema, vita vilikata barabara ya kaskazini naye akiwa upande wa pili, na nyumbani tukabaki watatu: mama, mimi Masika mwenye miaka kumi na mmoja, na mdogo wangu Paluku, aliyekuwa na miaka minne na kichwa kikubwa kilichowafanya majirani wamwite Prezida.

Anayejua Goma anajua kwamba mvua hunyesha pale bila aibu, lakini mji umekaa juu ya mawe ya volkano, na maji yote hupotea ndani ya mawe kabla hujakimbia kuchukua ndoo. Tulikunywa maji ya ziwa. Tuliyachota kwa bidon za njano, yaani madumu ya plastiki, na mama alikuwa na sheria moja tu kuhusu maji hayo: yachemke mpaka kifuniko cha sufuria kigongegonge. Makaa yakiisha, alitumia vidonge. Walikuja watu wakavigawa mtaani baada ya kipindupindu kupita, mama akavitunza kwenye pindo la kikwembe chake, ile nguo ya kujifunga, kama wanawake wengine wanavyotunza hela. Kidonge kimoja kwa bidon kubwa ya lita ishirini, nusu kidonge kwa ndogo ya lita kumi. Halafu kungoja nusu saa.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Saa pekee ya nyumbani ilikuwa kwenye mkono wa baba, na mkono wa baba ulikuwa Butembo. Mama hakuwa mtu wa kukisia. Siku moja alichukua rozari yake, akaenda kwa jirani aliyekuwa na saa ya ukutani, akaketi mbele ya saa ile na kusali. Jirani alidhani mama ameota ndoto mbaya juu yake, akapiga magoti pembeni kwa hofu na kuitikia mpaka mwisho. Mama alirudi amefurahi. Mafungu matano ya rozari kwa mwendo wake, pamoja na litania yote ya Bikira Maria, yalimaliza nusu saa kamili, labda na dakika moja ya ziada.

Tangu siku ile maji yetu yaliiva kwa rozari. Akitia kidonge, tunasali. Tukimaliza litania, tunakunywa. Ukishika kikombe kabla ya mwisho alikuwa akisema, "Acha, maji haiyaiva." Nami nikikimbiza maneno alinigonga kisogoni kwa kidole kimoja. "Haraka haraka haina baraka, Masika. Na hapa haina hata maji."

Paluku alijifunza sheria hii kwa namna yake. Hakujua maana ya fungu wala litania, ila alijua kwamba mtu akisema Amina, maji yanakuja. Basi kila aliposikia Amina alifungua mdomo. Alifanya hivyo hata kanisani. Padri alimaliza baraka, watu wote wakasema Amina, na sauti ya Prezida ikasikika toka benchi la nyuma: "Maji!" Mama alijifunika uso kwa kikwembe, mabega yakitikisika. Nilidhani analia kwa aibu mpaka nilipomwona macho.

Kisha mizinga ikaanza kusikika upande wa Kibati.

Sitaeleza vita. Mwenye kuvieleza ni yule aliyevielewa, na mimi sikuelewa kitu. Nilielewa kwamba asubuhi ile watu wote wa mtaa walikuwa wanatembea upande mmoja, na kwamba mama alitia kwenye mfuko mkubwa blanketi, sufuria, maharage na nguo zetu, akaufunga kamba, akaiweka kamba kwenye paji la uso, mzigo ukakaa mgongoni kama wanawake wa milima yetu wanavyobeba. Juu ya mzigo alimketisha Paluku, miguu yake ikiwa imekumbatia shingo ya mama. Mimi nilibebeshwa bidon ndogo, kwa kamba vilevile. Ilikuwa imejaa maji yaliyochemshwa. Tulikuwa tunakwenda Minova, kwa shangazi yetu, siku mbili kwa miguu.

Siku ya kwanza ilipita salama, kama neno salama linafaa. Tulilala Sake kwenye darasa la shule lililojaa watu hata mlangoni. Lakini njiani watu waliomba maji, na mama hakujua kumnyima mtu maji. Alimpa mzee, akampa mwanamke mwenye mapacha, akampa askari mmoja aliyevua kofia kabla ya kuomba. Asubuhi ya pili, kabla jua halijawa kali, niliinamisha bidon na kikatoka kikombe kimoja cha mwisho. Paluku alikunywa robo tatu, mimi nikapewa iliyobaki. Mama alisema hana kiu.

Kutoka Sake barabara hufuata ziwa, na kulikuwa na jua lile linalotangulia mvua, linalochoma hata kivulini. Unaona maji kushoto kwako saa zote, bluu kabisa, mengi kupita akili. Paluku alikuwa akiyaonyesha kwa kidole toka juu ya mzigo. "Maji ile. Mama, maji ile." Kuni hazikuwapo, na kama zingekuwapo hatungesimama kuwasha moto, kwa maana nyuma yetu bado kulikuwa na ngurumo za mizinga, na kila mara zikisikika umati mzima ulipiga hatua ndefu zaidi.

Karibu na Shasha mama alishindwa. Tuliteremka ziwani. Maelfu ya watu walikuwa wameteremka kabla yetu. Maji ya ukingoni yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Watu waliosha miguu humo, waliosha watoto humo, na wengine walifanya humo mambo ambayo mtu hufanya akiwa hana choo. Papa mmoja, mzee mfugaji toka milima ya Masisi, alikuwa amesimama na fimbo katikati ya ng'ombe wake wanne, mbavu zao zikihesabika. Alipoona mama anafungua bidon alimwita.

"Mama, usichote pale. Ngombe zangu zilishaingia pale tangu asubui."

"Basi nichote wapi, papa?"

Yule papa aliangalia kushoto, akaangalia kulia, kwa makini, kama mtu aliyeulizwa swali la heshima. "Sijuwe, mama," akasema. "Wote tumeingia."

Mama aliingia ziwani na nguo zake mpaka maji yakamfika kifuani, akaishika bidon mbali na mwili, akachota huko. Aliporudi aliyachuja maji kwa kikwembe alichokikunja mara nne. Yalitoka bado na ukungu. Aliyachuja tena. Ukungu ulibaki. Kisha alifungua pindo, akatoa kidonge, akakikata katikati kwa meno, akatema mate na kukunja uso mpaka Paluku akacheka. Nusu akaitia ndani ya bidon, akafunga, akaitikisa, akaniwekea kamba kwenye paji.

"Soma," akaniambia. "Pole-pole."

Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika kamba ya mzigo, hivyo rozari alinivisha mimi shingoni. Ilikuwa mara ya kwanza kuongoza. Nilitangulia mbele ili aweze kuona kifuniko cha bidon kama kinavuja, naye akafuata na Paluku juu yake, na wale waliokuwa karibu nasi wakaitikia, maana barabarani mtu huitikia sala yoyote anayoikuta.

Nilisoma fungu la kwanza kama nilivyofundishwa. Paluku alikuwa analia. Mwisho wa fungu akasikia Amina, akanyamaza, akangoja. Kikombe hakikuja. Nilisoma fungu la pili. Alilia tena, lakini sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa nyembamba na kavu, na mwisho wa fungu hakungoja mtu amalize, alisema mwenyewe: "Amina. Amina. Amina." Alilisema neno lile kwa adabu kabisa, namna alivyofundishwa kusema tafadhali. Watu wakaacha kuitikia. Hata wenye watoto wao wenyewe waliolia walikuwa wanamsikiliza yeye.

Ningependa kuwaambia kwamba nilifanya nilichofanya kwa ajili yake. Kwa sehemu ni kweli. Lakini bidon nayo ilikuwa inanikata shingo, na nilijua kila kikombe kitakachonywewa kitaipunguza, na koo langu mwenyewe lilikuwa limekauka. Nilimaliza fungu la pili, nikavuta pumzi, na nikatangaza la tano. Mafungu mawili mazima niliyaruka pale mbele ya Mungu na watu. Niliona aibu ikinipanda masikioni, nikangoja kidole cha mama kisogoni. Hakikuja. Nikasoma Salamu Maria kumi za fungu la tano, na mama akaichukua litania, kwa sababu mimi sikuijua kwa moyo. Alisema mistari minne. Watu wakaitikia "utuombee" mara nne. Kisha akasema Amina, akasimama katikati ya barabara, na kusema, "Mupe."

Nilidhani amechoka. Nilidhani hakuona. Nilijisikia mjanja, niliyeokoa watu kwa akili yangu, na nilimmiminia Paluku kikombe kilichojaa mpaka mdomoni. Alikunywa viwili bila kuvuta pumzi. Mimi nilikunywa, mama akanywa wa mwisho. Maji yalinuka dawa kali. Paluku alipiga mbweu, watu wakacheka, na tukaendelea.

Tulifika Minova jioni. Kesho yake mchana Paluku alianza kuharisha, na kabla ya jioni yaliyokuwa yanamtoka yalikuwa kama maji yaliyooshewa mchele. Shangazi alipoyaona alimwita mume wake, wakambeba mpaka kwenye hema la wagonjwa. Mle ndani kulikuwa na vitanda vilivyotobolewa katikati, na chini ya kila tundu ndoo. Macho ya Paluku yalikuwa yamezama. Nilimbana ngozi ya mkono kama muuguzi alivyofanya, ikabaki imesimama.

Muuguzi alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole na macho ya mtu ambaye hajalala. Alikuwa akitafuta mshipa kwenye mkono mdogo ule, akiuliza maswali bila kuinua kichwa.

"Alikunywa maji ya wapi?"

"Ya ziwa," akasema mama. "Tulitia dawa."

"Mulingoja?"

Nilikuwa nimesimama pembeni ya mama, nimeshika rozari iliyokuwa bado shingoni mwangu. Nilifungua mdomo. Sijui ningesema nini, ila mdomo niliufungua.

"Tulingoja," akasema mama, haraka, na mkono wake ukanishika begani ukanivuta karibu na tumbo lake. "Nusu saa."

Nikafunga mdomo. Nikafikiri: mama anaamini. Nimemdanganya mama yangu, na sasa anamdanganya muuguzi bila kujua.

Tulikaa naye hapo. Hakuna kitu ambacho mikono yetu iliweza kufanya. Mama alimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, yakaingia na kutoka, akamnywesha tena. Nilihesabu matone yaliyokuwa yakishuka katika mpira wa dripu, nikamwahidi Mungu mafungu mawili niliyoyaruka, kisha nikamwahidi kumi, kisha mia. Paluku alikufa siku ya pili, watu wakiwa wanagawiwa uji, mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Tulimzika mlimani pamoja na wengine wa siku ile. Katekista alisali sala fupi kwa wote, watu wakasema Amina, nami nikageuka kutazama nyuma yangu kabla ya kukumbuka.

Wanawake waliokuja kumfariji mama walisema maji yakimwagika hayazoleki. Ni maneno ya kweli na watu huyasema kwa nia njema, lakini mimi nilikwenda nyuma ya nyumba ya shangazi nikatapika.

Tulirudi Goma, baba akarudi, vita vikaenda vikarudi vikaenda tena. Wazazi wakapata watoto wengine. Mimi nikawa mtu wa rozari ndefu. Cheka ukitaka: katika jumuiya yetu ndogo ya Kikristo hakuna anayetaka niongoze sala, wanasema nikishika mimi chungu cha jirani kinaungua. Sijawahi kuruka hata neno moja tangu siku ile. Na sikumwambia mtu.

Nilipokuwa mwalimu tulipewa mafunzo ya usafi shuleni. Mtaalamu mmoja kijana, kalamu nyuma ya sikio, alituambia mambo mawili. La kwanza, maji yenye ukungu hula dawa. Kidonge kinaweza kushindwa hata ukingoja zaidi ya nusu saa. La pili, kipindupindu kinaweza kuanza baada ya saa chache tu, au kikakaa mwilini siku kadhaa kabla ya kuonekana. Aliyasema kama mtu anayesoma ratiba. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye dawati la wanafunzi, magoti yamebanwa, nikifanya hesabu. Basi ingeweza kuwa maji ya Shasha, ningoje nisingoje. Ingeweza kuwa ubwabwa aliopewa Sake na mtu mwema. Ingeweza kuwa kidole cha Paluku mwenyewe, alichokitia mdomoni.

Mngetegemea nifurahi. Nilimchukia yule kijana wiki nzima. Kosa langu nilikuwa nimelibeba miaka mingi na nilikuwa nimelizoea, na lilikuwa na faida moja: kama nilimuua mimi, basi kulikuwa na njia ya kumwokoa, na njia hiyo ilikuwa Salamu Maria ishirini. Kijana yule aliniondolea njia.

Ndiyo maana nilikwenda kwa mama. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, tumeketi uani kwake tukimenya maharage mabichi, na nilisema bila utangulizi, kwa sababu ningeweka utangulizi nisingefika.

"Mama, ile siku ya barabara ya Minova, sikusoma mafungu yote."

Aliendelea kumenya. "Ulisoma matatu," akasema. "La kwanza, la pili na la tano."

"Ulisikia?"

"Masika. Nilikuwa nyuma yako."

"Juu ya nini haukunikataza?"

Mama aliweka ganda chini. "Mutoto alikuwa anakauka juu ya kichwa yangu," akasema. "Nilikuwa naomba uruke. Njo sala niliyokuwa nasali. Mimi singeweza kukuambia uruke, mimi nilikuwa mama. Uliporuka, nilishukuru Mungu. Na litania nikaikata mwenyewe."

Nilikasirika. Niseme wazi, nilikasirika sana kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia, miaka yote hii. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Nilizani ulisahau. Ulikuwa mutoto. Kama ningekuambia, ungekumbuka."

Nikamwuliza lile swali lenyewe, ambalo nilikuwa sijawahi kuthubutu kujiuliza mwenyewe kwa sauti: kama ningesoma yote matano, na yeye litania yote, Paluku angeishi?

"Sijuwe, mutoto wangu," akasema.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja nilidhani mama ni mtu anayejua. Alijua maji yanaiva lini, barabara inakwenda wapi, nani apewe kikombe na nani angoje. Jumapili ile, nikirudi nyumbani kwa miguu, nilifanya hesabu ambayo sikuwahi kuifanya. Mama alinizaa akiwa na miaka kumi na minane. Kwa hiyo barabarani, na mzigo ule kwenye paji la uso, na mtoto anayesema Amina juu ya kichwa chake, alikuwa na miaka ishirini na tisa. Mimi sasa nina arobaini na moja. Nikikutana naye leo kwenye barabara ile ningemwita mdogo wangu, na nisingejua la kumwambia.